Lafudhi ya Mtu na Haki ya Kusema

Hapana mwanadamu asemaye bila lafudhi. Kila kinywa kimetoka katika nyumba, na kila nyumba ina namna yake ya kupandisha na kushusha sauti, ya kukaza neno na kulilegeza. Mtu wa Unguja ana lafudhi. Mtu wa Lamu anayo. Mtu wa Tanga anayo. Hata hivyo, katika madarasa na maofisi, neno hili limepewa maana ya upande mmoja. Mwenye cheo husemwa kwamba asema. Mnyonge husemwa kwamba ana lafudhi. Jambo ambalo ni mali ya watu wote limegeuzwa kuwa ila ya watu wachache, na ila hiyo hutumika kuwanyamazisha. Hilo ni dhuluma, na dhuluma haiwi ndogo kwa sababu hutendwa kwa kicheko.

Itazamwe Milanzi. Leo ni kata katika Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Lakini jina hilo ni la kale kuliko manispaa na kuliko mkoa wa Rukwa, uliozaliwa mwaka 1974. Masimulizi ya Wafipa yasema kwamba Milanzi ndipo palipokaa mtawala wa kwanza wa nchi, Ntatakwa, na kwamba baadaye walikuja wageni wanawake wa ukoo wa Watwa, wakautwaa utawala mwenyewe alipokuwa hayupo. Wageni wakatawala, lakini Milanzi haikufutwa. Ilibaki na heshima ya aliyetangulia, na waliotawala waliitambua heshima hiyo. Mwenye busara aweza kuona katika masimulizi haya mfano wa lugha. Kiswahili kimekuja Ufipa kikakalia kiti cha shule, cha baraza na cha mahakama, na hapana Mfipa mwenye akili anayekitaka kiondoke kitini. Swali ni moja tu: je, mgeni aliyepewa kiti ana haki ya kumwambia mwenye nyumba kwamba sauti yake ni aibu?

Mtoto aliyekua na Kifipa huja shuleni na mali. Lugha yake ni ya Kibantu kama Kiswahili, na yenye ngeli kama Kiswahili. Kwa hiyo hahitaji kufundishwa kwamba jina huvuta kivumishi na kitenzi nyuma yake. Pamoja na mali hiyo huja na wimbo. Kifipa, kama lugha nyingi za Kibantu, hupandisha na kushusha sauti ili kutenga maana. Kiswahili kimeiacha desturi hiyo, kikashika mkazo juu ya silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Mtoto anapoanza kusema Kiswahili, wimbo wa kwanza huendelea kusikika chini ya maneno mapya, kama maji yapitayo chini ya mchanga. Wimbo huo hauzuii maana. Mtu wa Dar es Salaam aliyetega sikio kwa nia njema humwelewa mtoto huyo tangu sentensi ya kwanza. Kama hakumwelewa, aghalabu ni kwa sababu alianza kucheka kabla ya kusikiliza.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, na mchanganyiko huo ndio mzizi wa uovu wote. La kwanza ni matamshi yanayogeuza maana. La pili ni lafudhi, yaani rangi ya sauti iliyobaki baada ya maana kufika salama. La kwanza ni kazi ya mwalimu, wala hana ruhusa ya kuikwepa. La pili ni mali ya mwanafunzi, wala mwalimu hana ruhusa ya kuliiba.

Katika shule nyingi za bara wako wanafunzi wanaochanganya r na l, kwa sababu lugha zao za kwanza hazitengi sauti hizo mbili. Kosa hili lina gharama. Mtu aliyekusudia kupiga kura akasema kula, amejipa chakula badala ya uraia. Mzee anayedai mahari akasema mahali, amepeleka madai ya ndoa katika kesi ya kiwanja. Kadhalika hari na hali, mbari na mbali. Zaidi ya hayo ziko sauti zilizokuja na maneno ya Kiarabu: asemaye samani alipokusudia thamani amezungumza juu ya viti na meza, na asemaye zana alipokusudia dhana amechukua jembe mahali pa wazo. Mkazo nao una hukumu yake. Neno barabara likikazwa silabi ya tatu ni njia ya kupita. Likikazwa silabi ya pili ni sawasawa. Mambo haya yafundishwe Milanzi, yafundishwe Mbulu, yafundishwe Bukoba, tena kwa bidii na bila huruma ya uongo. Mwalimu anayeyaacha yapite kwa kusema kwamba watoto wa kijijini hawawezi, huyo amewadharau kuliko yule anayewacheka.

Lakini mwalimu akisha kulinda maana, kazi yake ya matamshi imekwisha. Kinachozidi hapo hakiitwi elimu. Ni tamaa ya kufanya vinywa vyote vifanane na kinywa kimoja. Na wenye tamaa hiyo huleta hoja tatu, ambazo zastahili kujibiwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kiswahili kina wenyewe, na mgeni hana budi kukisema kama wenyewe. Hoja hii husahau historia. Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha iliyosimamia jambo hilo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katika uchaguzi ule lahaja nyingine ziliachwa nje, hata Kimvita, kilichokuwa na ushairi wa miaka mingi. Wenyewe wa Mombasa walikuta kwamba si wenyewe wa lugha iliyo vitabuni. Tazama neno paa. Katika lahaja za kaskazini, paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo, na paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo. Sikio la mwenyeji halikosei. Kiswahili sanifu hakiitunzi tofauti hiyo katika maandishi, na wasemaji wake walio wengi hawaitunzi katika kinywa. Wamepoteza tofauti inayotenga maana, na hapana anayewaita wajinga. Basi ikiwa msomi wa mjini amesamehewa mpumuo wake uliopotea, kwa nini mkulima wa Milanzi asisamehewe wimbo wake uliobaki? Nyani haoni kundule.

Zaidi ya hayo, katika Afrika ya Mashariki walio wengi kabisa wa wasemaji wa Kiswahili wamekipata baada ya lugha nyingine. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo, naye ni miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha hii, aliyeipa ngonjera. Julius Nyerere alizaliwa Butiama katika Kizanaki, akakutana na Kiswahili akiwa mtoto mkubwa wa shule. Ndiye aliyeutia Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, na ule wa mfanya biashara wa Venisi mwaka 1969. Polycarp Pengo alizaliwa Mwazye, Ufipa, mwaka 1944, akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam tangu mwaka 1992 hata 2019, na Kardinali tangu mwaka 1998. Kwa muda wote huo mji wa pwani ulifundishwa imani na mwana wa uwanda wa Ufipa. Kama Kiswahili kingewangoja wenyewe tu, kingekuwa lugha ya mwambao hata leo, na UNESCO isingekipa siku yake duniani, tarehe 7 Julai, kama ilivyofanya mwaka 2021. Waliokikuza ni wageni pia, na mgeni aliyejenga nyumba haitwi tena mpangaji.

Hoja ya pili ni kwamba lugha za mataifa makubwa hazivumilii mambo haya. Husemwa kwamba anayejifunza Kitaliano au Kihispania huagizwa kuiondoa lafudhi ya kwao yote, na kwamba sisi tu, watu wa bara hili, ndio tuliolegea. Hoja hii husemwa aghalabu na watu wasiozichungua lugha hizo. Mwalimu mwema wa Kihispania humfunza mgeni kutenga r fupi na r ndefu, kwa maana pero ni lakini, na perro ni mbwa. Mwalimu mwema wa Kitaliano humfunza kurefusha konsonanti, kwa maana pala ni sepetu na palla ni mpira, pena ni mateso na penna ni kalamu. Hizo ni kura na kula za kwao. Mswahili aendaye kujifunza Kihispania hukuta irabu tano zile zile alizozizoea, na hapo amewatangulia Waingereza wengi. Lakini baada ya hayo, ni Kihispania cha nani ambacho mgeni aambiwe akiige? Katika sehemu kubwa ya Hispania herufi z hutamkwa karibu na th ya Kiswahili. Katika sehemu kubwa ya Andalusia, katika visiwa vya Canary na katika Amerika yote isemayo Kihispania, hutamkwa s. Hao wa s ndio walio wengi, na Chuo cha Kifalme cha lugha hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1713, hakiwahesabu kuwa wakosaji. Kwao casa, nyumba, na caza, mawindo, ni sauti moja, na hapana mwindaji aliyepotea njia ya nyumbani kwa sababu hiyo. Gabriel García Márquez alisema kwa lafudhi ya pwani ya Kolombia, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Na Kitaliano? Alessandro Manzoni alikuwa mtu wa Milano, aliyekulia katika lahaja ya Milano na Kifaransa. Mwaka 1827 alikwenda Firenze kusikiliza lugha ya Toscana, kisha akakisahihisha kitabu chake kikubwa, hata toleo la mwisho likaanza kutoka mwaka 1840. Alisahihisha maneno na sarufi, akaipa Italia mfano wa nathari. Italia ikawa nchi moja mwaka 1861, na tangu siku ile hata leo Mtaliano husikika katika neno la kwanza kama ametoka Napoli, Torino au Palermo. Mtu wa Milano aliweza kuifundisha nchi kuandika bila nchi kuziacha sauti zake. Mtu wa Milanzi naye aweza kusema sawasawa bila kuikana nyumba ya mama yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na haifai kupitwa kwa dharau. Wako wazazi na walimu wenye upendo wasemao: dunia ni katili, kijana mwenye lafudhi ya Ufipa atachekwa chuoni, atakosa kazi ya utangazaji, atadharauliwa katika usaili, afadhali tumvue sasa kuliko avuliwe hadharani. Neno hili lina machozi ndani yake. Lakini dawa yake haifiki penye ugonjwa. Kwanza, kumvua si jambo rahisi kama wanavyodhani. Mtoto mdogo huipata sauti ya wenzake bila kujua. Mtu mzima hupata maneno, sarufi na ufasaha, lakini wimbo wa kwanza humfuata mara nyingi hata kaburini. Joseph Conrad alizaliwa Mpolandi, akawa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Kiingereza, na hata alipokufa mwaka 1924 matamshi yake ya Kiingereza yalikuwa bado mazito ya Kipolandi. Kumwagiza kijana wa miaka ishirini afiche kila dalili ya kwao ni kumpa kazi ambayo wengi hawaimalizi, na kumwacha njiani akiwa na aibu badala ya ujuzi. Pili, tukikubali kwamba mwenye kuchekwa ndiye apaswaye kubadilika, tumempa mcheka cheo cha mwalimu. Kesho atacheka jina. Kesho kutwa atacheka nguo.

Tena yafaa ikumbukwe mwisho wa njia hiyo ulivyokuwa mahali pengine. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walisimama katika vivuko vya Yordani wakamtaka kila apitaye aseme Shibolethi. Mwefraimu aliyesema Sibolethi aliuawa, na waliokufa wahesabiwa 42,000. Mwezi wa Oktoba 1937, katika Jamhuri ya Dominika, kwa amri ya Trujillo, waliuawa maelfu ya Wahaiti, na inasimuliwa kwamba askari walionyesha jani la kotimiri wakamtaka mtu alitaje kwa Kihispania, perejil, ili r yake imsaliti. Hapana anayedai kwamba darasa la Sumbawanga ni kivuko cha Yordani. Yadaiwa hili tu: anayemzoeza mtoto kumpima mwenziwe kwa herufi moja amemkabidhi kisu kikiwa ndani ya ala.

Na madhara ya Ufipa si ya kesho; yapo leo. Mwanafunzi anayechekwa mara ya kwanza hujikwaa. Anayechekwa mara ya pili hujibu kwa maneno mawili. Anayechekwa mara ya tatu hajibu tena, na mwalimu huandika katika taarifa kwamba mtoto ni mzito. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Kwa hiyo mtoto aliyekiogopa Kiswahili ameogopa hesabu, ameogopa historia, ameogopa swali lenyewe. Akisha kuwa mtu mzima huenda zahanati akaeleza ugonjwa kwa ufupi, asije akachekwa, na ufupi huo humkosesha dawa iliyo sawa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Tanzania, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Lilikuwa jambo jema, kwa maana mkulima hahukumiwi tena kwa lugha asiyoijua. Lakini wema huo waweza kuharibiwa na sikio baya. Shahidi anayesema kweli kwa lafudhi ya Milanzi akidhaniwa kuwa hana hakika, na shahidi mwongo anayesema kwa ulaini wa mjini akidhaniwa kuwa mkweli, sheria imebadilika na haki imebaki pale pale.

Kuna kinaya kikubwa katika jambo hili. Mwaka 1978 ilitoka katika matbaa ya Oxford kazi ya Roy Willis, mwanachuoni aliyekaa Ufipa, juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Watu wa mbali walivuka bahari kwenda kusikiliza jinsi Wafipa wanavyosema, wakaona kwamba usemi huo wastahili kitabu. Wenzao wa nchi moja husafiri saa chache kwa basi kuwaambia kwamba hawajui kusema.

Basi lifanywe nini? Vyuo vya ualimu viache kufundisha lafudhi na matamshi kama kitu kimoja. Mwalimu wa Kiswahili apelekwe darasani akijua sauti za lugha ya mahali anapokwenda. Aende Ufipa akijua kwa nini mtoto wa Kifipa hutamka kama anavyotamka, maana huwezi kusahihisha kosa usilolijua asili yake. Aanze kwa sikio kabla ya ulimi: watoto wasikie kura na kula, thamani na samani, wainue mkono wanapotambua tofauti, kwani ulimi hautoi sauti ambayo sikio halijaitenga. Asimkatize mtoto katikati ya wazo. Amngoje amalize, kisha asahihishe neno moja, lile lililogeuza maana, na kuliacha lisilogeuza kitu. Kicheko cha darasa kiadhibiwe kama wizi, kwa sababu kimeiba jibu. Na mitihani ya mazungumzo itoe alama kwa maana iliyofika, kwa mpango wa hoja na kwa utajiri wa maneno, isitoe hata alama moja kwa kufanana na mtu wa Unguja.

Vyombo vya habari navyo vina deni. Redio na televisheni zikiwapa nafasi watangazaji wa sauti moja tu, zitalea taifa lisiloweza kusikiliza. Msikilizaji azoezwe kuisikia habari nzito kwa sauti ya Ufipa, ya Unyamwezi, ya Upare na ya Pemba, hata lafudhi iwe kama sura ya uso: kila mtu anayo, na hapana anayeombwa aiache mlangoni.

Wahenga wamesema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Walikuwa wakionya juu ya neno baya, neno la uongo na neno la kuumiza. Kwa kipimo chao, aliyejikwaa ulimi katika darasa la Milanzi si mtoto aliyesema kwa wimbo wa kwao. Ni yule aliyemcheka, na mwalimu aliyenyamaza.